Rali ya Theluji kwa Gari la Kwendea Kazini



Yapo mashindano ya magari ambayo anayewahi kufika huadhibiwa sawasawa na anayechelewa. Ukitangulia sekunde kumi, unaandikiwa alama kumi za adhabu. Ukichelewa sekunde kumi, ni kumi zilezile. Mshindi ni mwenye alama chache kuliko wenzake, na aliyekamilika kabisa humaliza siku akiwa na sifuri. Mwendo unaopangwa uko chini ya kikomo cha sheria. Barabara haifungwi: mnapishana na lori la magogo na gari la mkulima kama siku nyingine yoyote, na polisi akikukamata kwa mwendo kasi, waandaaji ndio wa kwanza kukufukuza mashindanoni.

Canada na Marekani wanauita mchezo huu kwa herufi tatu, TSD, maana yake muda, mwendo na umbali. Hauna uwanja, hauna jukwaa la watazamaji, wala hauhitaji gari la mashindano. Wanaokuja wanakuja na Corolla ya kwendea kazini, na Subaru yenye kiti cha mtoto nyuma, na Volvo kuukuu ambayo mlango mmoja una rangi tofauti na mingine. Na wapenzi wake wengi watakwambia kwamba msimu wenyewe hasa ni wa baridi kali, wakati barabara za porini zimefunikwa na theluji.

Iko ile kubwa, Alcan 5000, ya tangu miaka ya 1980, ambayo matoleo yake ya majira ya baridi hutoka jimbo la Washington yakapanda Canada hadi Alaska, maelfu ya kilomita. Lakini nyingi ni ndogo: klabu moja, mwisho wa wiki mmoja, na chakula cha pamoja jioni. Hizi ndogo ndizo ninazotaka kuzisemea leo. Kwa maoni yangu, huu ni mchezo wa magari uliobaki mikononi mwa watu wa kawaida, na theluji imechangia sana kuulinda usichukuliwe na wenye fedha. Na sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na wetu wa namna hiyo zamani, tukauacha.

Kwanza nieleze unavyochezwa, maana ukiusikia juujuu unaonekana mwepesi.

Asubuhi mnapewa kitabu cha njia. Kila mstari una umbali, mchoro mdogo wa njia panda na agizo. Kilomita 3.2, shika kushoto. Kilomita 5.75, badili wastani uwe kilomita 48 kwa saa. Magari yanaachiwa moja moja, kila baada ya dakika moja, kwa hiyo gari namba tisa linatembea dakika tisa nyuma ya saa ya rali, na kila gari lina ratiba yake. Mahali fulani njiani wamejificha watu wenye saa. Hamjui wako wapi. Wanaweza kuwa baada ya kona, wanaweza kuwa nyuma ya ghala la nyasi, na siku hizi huenda asiwepo mtu kabisa, ikawa ni programu ya simu inayonasa mahali ulipo kwa setilaiti. Sekunde mnayopita ndiyo inayoandikwa.

Hapo ndipo panapotakiwa hesabu. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni kilomita moja kila dakika, na hiyo hata mtoto anaiweza. Kilomita 48 kwa saa ni sekunde 75 kwa kila kilomita. Kilomita 45 ni sekunde 80. Msoma ramani anajumlisha sekunde hizo kichwani au kwa kikokotoo, anaangalia saa, anaangalia kilomita za dashibodi, kisha anamwambia dereva kama wametangulia au wamechelewa. Kazi hiyo inaendelea saa nzima bila kupumzika, kwenye kiti kinachotikisika.

Na kilomita za dashibodi zenyewe haziaminiki. Ndiyo maana kila rali huanza na kipande cha kupimia. Waandaaji wanasema hapa hadi pale ni kilomita 20 kamili. Gari lako linasoma 20.4. Basi tangu hapo kila namba utakayoisoma uigawe kwa 1.02. Ukibadilisha matairi, hesabu imebadilika, kwa sababu mzunguko wa tairi si uleule. Na ukiwa kwenye mlima wa theluji, magurudumu yakizunguka bure bila gari kusogea, mita inaendelea kuhesabu safari usiyosafiri. Wazoefu wenye vifaa vyao hufunga kipimo kwenye gurudumu lisilosukumwa na injini, kwa sababu hilo halizunguki ila gari limekwenda.

Magari yanagawanywa kwa madaraja, na kinachopimwa katika kuyagawa ni vifaa vya hesabu, nguvu ya injini haihusiki. Kuna daraja la wenye kompyuta za rali, daraja la vikokotoo, na daraja la wageni, ambao wana karatasi, kalamu na saa. Magari ya kale mara nyingi yana daraja lake. Mwenye gari la mamilioni hapati kitu kwa mamilioni yake, ila labda kiti chenye joto.

Mchezo huu una ukoo mkubwa, msikilizaji. Mwaka 1911 Monaco ilikuwa ikitafuta wageni wa majira ya baridi, maana miji jirani ya pwani ya Ufaransa ilikuwa ikiwavuta matajiri. Klabu ya pale, iliyokuwa chini ya Alexandre Noghès, ikabuni jambo: wenye magari watoke kila mmoja katika mji wake barani Ulaya, mwezi wa Januari, wakutane Monte Carlo. Yaliandikishwa magari 23. Mshindi alikuwa Henri Rougier, aliyetoka Paris kwa gari la Turcat-Méry, safari ya kilomita elfu moja na ushei. Waamuzi hawakuangalia saa peke yake. Walitazama starehe ya abiria, uzuri wa gari, na hali liliyofika nayo baada ya matope na theluji ya njiani. Ofisa mmoja Mjerumani aliyekuja kutoka Berlin kwa mwendo mkubwa kuliko wengine hakupewa ushindi, na akatoka pale amekasirika sana.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza rali ya theluji haikuwa suala la mbio tupu. Swali lilikuwa: je, gari la barabarani, na watu waliomo ndani yake, wanaweza kufika salama na kwa heshima?

Na vigari vidogo vikaonyesha kwamba vinaweza. Mswidi Erik Carlsson alishinda Monte Carlo mwaka 1962 na tena 1963 kwa Saab 96, gari la familia lenye injini ya silinda tatu isiyofika hata lita moja. Mwaka 1964 Paddy Hopkirk, mwenzake Henry Liddon akiwa msoma ramani, waliondoka Minsk kwa Mini Cooper S wakafika Monte Carlo washindi. Nyuma yao, nafasi ya pili, ilikuwa Ford Falcon kutoka Marekani yenye injini ya lita 4.7. Falcon ilikuwa na kasi zaidi, lakini kanuni za hesabu zilizingatia ukubwa wa injini, na theluji nayo ikatoa maoni yake. Mini ilikuwa imebuniwa ili kubana mafuta na kubeba familia kwenda dukani.

Sasa kwa nini theluji iwe mwamuzi wa haki kiasi hicho? Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu, tangu breki zikamate hadi gari lisimame, ni mita 14 hivi. Kwenye barafu tupu, ambako msuguano unaweza kushuka hadi sehemu moja ya saba ya ule wa lami kavu, gari lilelile litateleza karibu mita mia moja. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali huo unazidi mara nne. Injini kubwa haikusaidii hapo. Magurudumu manne yanayosukuma yatakusaidia kuondoka na kupanda mlima, lakini wakati wa kusimama, kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, na kila gari linategemea eneo dogo la mpira lililogusana na barabara.

Ndiyo maana mtu wa nchi za baridi akikuuliza gari lako ni gani, swali lake la pili ni umevaa matairi gani. Joto likishuka chini ya nyuzi saba hivi, mpira wa tairi la kiangazi unaanza kuwa mgumu na kukosa mshiko. Tairi la theluji limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na uso wake umekatwakatwa mistari myembamba sana inayong'ata theluji. Finland ndiko tairi hili lilikozaliwa: kiwanda cha mpira cha Nokia kilitoa la malori mwaka 1934, na la magari madogo mwaka 1936. Leo British Columbia, jimbo la magharibi kabisa la Canada, sheria inadai matairi ya majira ya baridi kwenye barabara kuu nyingi kuanzia tarehe 1 Oktoba, na njia za milimani hadi mwisho wa Aprili. Corolla yenye matairi mazuri ya theluji italipita gari la kifahari lenye matairi ya kiangazi, na italipita likiwa mtaroni.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, makao yangu kwa sasa ni Vancouver. Rali niliyoingia ilianzia upande wa Merritt, mji mdogo ulioko ng'ambo ya milima, kwenye bonde la Nicola. Msoma ramani wangu alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwanafunzi wa uhasibu. Gari ni Corolla yangu ya kila siku, yenye makombo ya mkate wa watoto kwenye viti vya nyuma na matairi ya theluji chini.

Asubuhi ile nyuzi zilikuwa nyingi chini ya sifuri. Pumzi inaganda kwenye ndevu. Watu wamesimama kwenye uwanja wa kuegesha magari, vikombe vya kahawa mkononi, wanasubiri ukaguzi. Mkaguzi anapita gari kwa gari: taa, honi, mikanda, matairi. Anafungua buti akitaka kuona koleo, kamba ya kuvutia, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, blanketi na kisanduku cha huduma ya kwanza. Bila hivyo huondoki. Halafu mkutano wa madereva, ambako bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya, aliyeheshimiwa pale kupita maelezo, alituambia jambo moja akalirudia: hakuna alama yenye thamani ya bampa.

Tukaachiwa. Njia ikaacha lami, ikaingia msituni, misonobari pande zote mbili, kingo za theluji zikifika usawa wa madirisha. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna kitabu cha njia kinacholieleza.

Mpwa wangu amelelewa vizuri. Hawezi kumwamuru mjomba wake. Kwa hiyo akaanza: "Mjomba, samahani, naomba upunguze mwendo kidogo, maana naona tumetangulia kama sekunde nne." Sentensi ya adabu kabisa. Lakini hadi ameimaliza zimepita sekunde tano, kona imekuja, mwendo umebadilika, na zile nne si nne tena. Nami namjibu, "Ahsante mwanangu, ni nne za sasa hivi au za pale mwanzo?" Naye anarudia hesabu. Adabu ilikuwa ikila alama zetu.

Tukakata shauri tukiwa ndani ya gari. Akisema "juu nne" maana yake tumetangulia, niachie mafuta. Akisema "chini mbili," tumechelewa, niongeze taratibu. Akisema "sifuri," ninyamaze. Mjomba atarudi kuwa mjomba jioni. Tangu hapo sauti yake ikawa ya rubani: juu tatu, juu mbili, sifuri, kushoto mita mia mbili, badili arobaini na tano, sifuri. Nikawa natii bila kuuliza. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliwahi kumtii kijana kiasi kile, na nakiri kwa furaha kwamba nilipenda.

Kuendesha kwenyewe kuna utaratibu wake. Kwenye theluji iliyoshindiliwa unaendesha kama mtu aliyebeba trei ya vikombe vya kahawa vilivyojaa: hakuna kukurupuka, hakuna kukanyaga ghafla, hakuna kukata usukani kwa hasira. Breki unaziweka kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Ndani ya kona unaacha magurudumu yafanye kazi moja tu, ya kugeuka. Mkia ukianza kuteleza, macho yako yaende kule unakotaka kwenda, maana mikono hufuata macho. Ukikodolea mti, utaukuta. Na mteremko mrefu unashuka kwa gia ndogo, injini ikishika gari, miguu yako ikiwa na subira.

Katikati ya kipande kimoja tukakuta Subaru iliyotutangulia imezama ubavuni kwenye ukingo wa theluji, taa zikimulika mbingu. Msoma ramani wao tayari amesimika pembetatu na ameinua juu ubao ulioandikwa OK, ishara kwamba hakuna aliyeumia. Kanuni inataka hivyo, na isingekuwapo ishara hiyo kila gari lingelazimika kusimama. Tukasimama hata hivyo. Koleo likatoka, kamba ikatoka, gari la nyuma yetu nalo likafika, na sote tukavuta. Yule dereva wa Subaru alikuwa anacheka, theluji imemjaa hadi masikioni.

Ungedhani tumeshapoteza siku. La. Rali hizi zina karatasi ya kuomba muda. Unaandika: tumesimama, tunaomba tuongezewe dakika saba na nusu. Kituo kinachofuata unakabidhi karatasi, na ratiba yako inasogezwa mbele kiasi hicho. Hakuna haja ya kukimbilia muda uliopotea, na kukimbilia muda uliopotea kwenye barafu ndiko kunakovunja watu. Na kumsaidia aliyekwama hakukugharimu kitu. Nimewahi kuona michezo mingi ikihubiri uungwana. Huu umeuandikia kifungu kwenye kanuni.

Jioni matokeo yakabandikwa ukutani. Sisi tulikuwa katikati ya daraja la wageni, jambo lililompa mpwa wangu hamu ya kujua sekunde zetu zilipotelea wapi, kituo kwa kituo, hadi chakula kikapoa. Walioshinda jumla walikuwa mume na mke waliostaafu, wenye gari la zamani na saa mbili za mkono zilizofungwa kwenye dashibodi kwa mpira. Wa mwisho naye alipewa zawadi, akashangiliwa kuliko wa kwanza.

Sasa msikilizaji, najua unasema moyoni: barabara za theluji zinaua watu kila mwaka, halafu nyinyi mnakwenda kuzichezea? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba wanaoishi kule hawana hiari ya kuendesha au kutoendesha kwenye theluji. Muuguzi anakwenda zamu ya usiku, fundi anakwenda kazini, mzazi anampeleka mtoto shule, miezi minne au mitano kila mwaka. Wengi wao, na hasa sisi tuliokuja kutoka nchi za joto, hatujafundishwa na mtu. Tunajifunza siku gari linapotukataa katikati ya makutano. Rali ya muda inakupa siku nzima ya kujifunza kwa mwendo mdogo, gari limekaguliwa, njia imepitiwa na wenyeji, mbele yako wapo wanaojua na nyuma kabisa kuna gari la kuokota waliokwama. Na kwa kuwa kuwahi ni kosa, mchezo wenyewe unakuzuia kufanya ule upumbavu ambao unaleta ajali nyingi.

Nije sasa nyumbani, maana nilisema tulikuwa na wetu.

Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ilianzishwa rali iliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo hii tunayoiita Safari. Magari ya mwanzo yalikuwa ya dukani, yaleyale uliyoweza kuyanunua, na yaligawanywa madaraja kwa bei yake ya kuuzia. Mwaka 1954 ushindi ulikwenda kwa Volkswagen, ile yenye umbo la kobe, ya Vic Preston. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza saba tu, kwa sababu rali iliwekwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea na barabara ni tope. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa Tanzania alishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilipanda kwenda mikoani.

Na yule Erik Carlsson, bwana wa theluji, alikuja. Mwaka 1964 alimaliza Safari wa pili kwa Saab yake ndogo. Husimuliwa kwamba gari lilipomnasia kwenye tope, alilibiringisha likalala juu ya paa likasimama tena pakavu, na waandishi walipokataa kuamini akarudia mbele ya macho yao. Ujuzi aliouleta kutoka kwenye barafu ya Uswidi ulimfaa kwenye tope letu, kwa sababu tope la masika na theluji vinadai kitu kimoja: mguu mwepesi na uvumilivu.

Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, Naivasha imefurika watu, na ni fahari. Lakini tazama tumekaa wapi. Tumekaa kwenye vilima na miavuli, tukitazama vumbi la magari ambayo hakuna hata mmoja wetu atakayeyaendesha. Mchezo ulioanza kwa magari yaliyopangwa kwa bei ya dukani umekuwa sherehe ya kutazama. Sina ugomvi na sherehe. Ninachosema ni kwamba kando yake pana nafasi tupu, na hiyo nafasi haihitaji mdhamini mkubwa.

Fikiria barabara za mashamba ya mkonge kule Muheza na Korogwe, au za mashamba ya chai Kericho, asubuhi ya Jumapili mwanzoni mwa mvua. Wenye Vitz, IST na Probox wanaachiwa dakika kwa dakika, wastani kilomita 30 kwa saa, au 36, ambayo ni mita kumi kila sekunde na hesabu yake ni rahisi. Wastani mdogo ni lazima, maana barabara zetu zina watoto, baiskeli, bodaboda na ng'ombe, na mpangaji njia mwenye akili ataomba ruhusa ya wenye mashamba, atakwepa shule, masoko na njia za makanisani, na atawapa taarifa polisi na vijiji mapema. Adhabu ya kuwahi itafanya kazi ileile inayofanya Merritt: itamfundisha kijana mwenye gari lake la kwanza kwamba ustadi ni kufika kwa wakati uliosema utafika.

Gharama zenyewe ni za kawaida: mtu mmoja wa kupima njia na kuandika kitabu, wengine wachache wenye saa zinazokubaliana, koleo na kamba kwenye kila buti, na mahali pa kula pilau jioni. Mwenye gari anahitaji leseni, bima, matairi yenye meno, na ndugu anayejua kugawanya. Wenye makompyuta wawekwe daraja lao, wasitusumbue.

Klabu za magari za Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam, Arusha na Kampala zina watu wanaojua kupima njia na kushika saa, kwa sababu wamekuwa wakiifanya kazi hiyo kwa ajili ya madereva wa mashindano miaka mingi. Ninawaomba watenge Jumapili moja kwa mwaka kwa ajili yetu sisi wengine. Na wewe uliyeko Toronto, Minneapolis au Oslo, unayelaani theluji kila Januari, ulizia klabu ya magari ya mji wako ina rali ya muda lini, jiandikishe daraja la wageni, na uchague msoma ramani ambaye uko tayari kumtii.